Ahadi ni Deni: Moshi wa Tajiri na Miti ya Zirai

Mafundisho ya juma hili kwa jamaa za Kikatoliki

Ahadi ni deni. Mithali hii twawafundisha watoto wetu kabla hawajajua kusoma, wala hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa maana yake: aliyeahidi ndiye mdaiwa, naye ndiye alipaye. Lakini siku hizi zimetokea ahadi za namna nyingine, ambazo mwenye kuahidi ni mmoja na mwenye kubeba mzigo ni mwingine. Makampuni makubwa ya ng'ambo yatangaza kwamba ifikapo mwaka fulani hayataongeza tena uchafu katika hewa ya dunia. Ukiuliza litafanyikaje jambo hilo, wajibiwa kwamba sehemu ya moshi itapunguzwa viwandani, na sehemu iliyobaki itafutwa na miti. Ukiuliza tena, miti ya nani? Mara nyingi jibu ni hili: miti ya Afrika.

Jambo hili latuhusu. Watu wa Zirai, katika Wilaya ya Muheza, wakaao juu ya milima ya Usambara ya Mashariki, wameishi miaka mingi kando ya misitu inayosifiwa na wataalamu wa dunia nzima. Wenzao wa Lushoto, Mufindi, Katavi na Lindi nao wana misitu yao. Huenda kesho akafika kijijini mgeni mwenye gari zuri na karatasi nyingi, akasema kwamba ataka kununua hewa iliyomo ndani ya miti. Je, mkutano wa kijiji utamjibu nini? Na sisi Wakristo tufikirije juu ya biashara hiyo? Yafaa tujifunze sasa, kabla kalamu haijashikwa.

HEWA UKAA YAUZWAJE?

Mkaa, petroli, dizeli na gesi vikichomwa hutoa hewa iitwayo hewa ukaa. Hewa hiyo haionekani kwa macho, lakini ikizidi angani huizuia joto la jua lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa hiyo kila mwaka. Ndiyo sababu kubwa ya kuvurugika kwa tabianchi: mvua zisizojulikana majira yake, ukame hapa na mafuriko pale.

Mti nao, kwa hekima ya Muumba, huivuta hewa hiyo na kuigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la biashara. Kampuni inayotoa moshi humlipa mtu mahali pengine ili apande miti, au asiukate msitu wake. Wapimaji hukadiria ni tani ngapi za hewa ukaa zimeokolewa, na kwa kila tani hutolewa hati moja. Kampuni huinunua hati hiyo, kisha hujihesabia kwamba tani moja ya moshi wake imefutika.

Twaona basi kwamba kinachouzwa hapa si mbao wala matunda. Chauzwa kitu kisichotokea: msitu ambao ungalikatwa, nao haukukatwa. Na kitu kisichotokea ni kigumu sana kukipima. Mwenye duka akisema ameuza kilo kumi za sukari, mizani yaweza kumsahihisha. Lakini mtu akisema, "Pasipo fedha hizi tungalikata miti elfu kumi," ni mizani gani itakayomsahihisha?

MKOA MMOJA, MAMBO MAWILI

Mkoa wa Tanga watupa mfano ulio wazi kuliko vitabu vingi. Huko milimani ipo misitu ya Amani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Chini pwani, katika rasi ya Chongoleani karibu na mji wa Tanga, ndiko uliko mwisho wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Bomba hilo limepangwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Mwenye hisa nyingi zaidi katika bomba ni kampuni ya Kifaransa TotalEnergies, na pamoja nayo yamo mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania na kampuni moja ya China.

Kampuni hiyo ya Kifaransa ilitangaza mwaka 2020 shabaha ya kufikia hesabu ya sufuri ifikapo mwaka 2050, yaani kutoongeza hewa ukaa angani kuliko ile itakayoondolewa. Mwaka 2021 ikatangaza pia kwamba itapanda miti katika hekta 40,000 za nyanda za Batéké, nchi ya Kongo-Brazzaville. Nayo miti hiyo ilikadiriwa kuvuta zaidi ya tani milioni 10 za hewa ukaa katika muda wa miaka 20.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Pipa moja la mafuta likichomwa hutoa hewa ukaa ipatayo kilo 430. Mapipa 216,000 kwa siku ni karibu mapipa milioni 79 kwa mwaka. Basi bomba likijaa, moshi wa mafuta yake ni karibu tani milioni 34 kila mwaka. Miti ya Batéké, kwa makadirio ya wenyewe, itavuta wastani wa nusu milioni ya tani kwa mwaka, au zaidi kidogo. Ukigawanya utaona kwamba miti yote ile, katika hekta zote 40,000, ikifanya kazi mwaka mzima, yatosha kufuta moshi wa bomba moja kwa siku tano au sita tu. Siku nyingine zote za mwaka hazina miti.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mafuta ya bomba hilo si ya kampuni moja peke yake. Nayo kampuni yaeleza kwamba miti imekusudiwa kufuta masalio ya moshi wa mitambo yake yenyewe, si moshi wa kila mteja anunuaye mafuta. Lakini jibu hilo ndilo linalotufunulia ukubwa wa jambo. Sehemu kubwa kabisa ya moshi wa mafuta hutoka katika magari, meli na viwanda vya wanunuzi. Muuzaji akihesabu majivu ya jiko lake tu, na kuacha moto aliowauzia watu wote, hesabu yake yaweza kuwa safi katika karatasi, huku anga likizidi kujaa.

Wala hatusemi haya ili kuzilaumu nchi za Uganda na Tanzania kwa kutaka mapato. Maskini anayetafuta riziki hawezi kuhukumiwa sawasawa na tajiri aliyekwisha kushiba kwa mafuta yale yale muda wa miaka mia. Twasema tu kwamba neno "sufuri" lisitumiwe kufunika tani milioni 34.

AHADI ZILIZORUDISHWA NYUMA

Pengine msomaji atasema, "Lakini makampuni hayo yameweka ahadi mbele ya dunia nzima, hayawezi kuzivunja." Tutazame yaliyotokea. Mwaka 2020 kampuni ya Kiingereza BP iliahidi kupunguza uchimbaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2023 ahadi ikashuka kuwa asilimia 25. Februari 2025 kampuni ikaiacha shabaha hiyo, ikatangaza kwamba itaongeza fedha katika mafuta na gesi. Hakuna mahakama iliyovunjiwa heshima, wala hakuna mdhamini aliyeitwa. Ahadi ilikuwa deni siku ya kutangazwa. Siku ya kulipa ikawa maoni tu.

Machi 2024 mahakama ya Amsterdam, Uholanzi, iliamua kwamba matangazo ya kampuni ya ndege KLM yaliwapotosha watu, yakiwamo yale yaliyowafanya abiria waamini kwamba madhara ya safari yao yaweza kupunguzwa au kufidiwa kwa kulipia upandaji wa miti. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria, iliyowekewa tarehe ya kuanza kutumika 27 Septemba 2026, inayokataza kuwaambia wanunuzi kwamba bidhaa haina madhara kwa hewa kwa sababu tu ya hati za kufidia zilizonunuliwa mahali pengine. Basi mashaka haya si ya watu wa milimani wasiosoma. Mahakimu na watunga sheria wa Ulaya kwenyewe wameyaona.

KASORO NNE ZA HESABU

Tuzitaje sasa kasoro kuu nne, ili mtu yeyote aweze kumwuliza mgeni maswali ya maana.

Kwanza, kuuza kisichokuwa hatarini. Msitu wa Amani umelindwa kwa sheria tangu mwaka 1997. Tuseme mtu ajitokeze leo aseme kwamba ameuokoa usikatwe, kisha auze hati. Ameokoa nini? Ni sawa na mtu anayedai ujira wa kuuzuia mto usipande mlima. Mwezi wa Februari 2023 kampuni moja ya Dubai, Blue Carbon, ilitia sahihi hati ya maelewano na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kuhusu hekta zipatazo milioni 8 za hifadhi za misitu. Hati ya maelewano si mkataba wa mwisho. Hata hivyo swali lafaa kuulizwa: msitu ambao tayari ni hifadhi ya serikali utatoaje wokovu mpya? Mwaka huo huo wa 2023 jarida la kisayansi *Science* lilichapisha utafiti juu ya miradi 26 ya kuzuia ukataji wa misitu katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo. Wachunguzi waliona kwamba miradi mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi kinachothibitika, na kwamba katika ile iliyoweza kuhesabiwa, hati zilizokuwa na msitu wa kweli uliookolewa nyuma yake zilikuwa kama sita tu katika kila mia.

Pili, kuhamisha shoka. Ukikifunga kilima kimoja na watu wakaendelea kuhitaji kuni, mbao na mahali pa kulima, shoka litavuka bonde na kuingia kilima cha pili. Hati itahesabu miti iliyosimama huku, na haitahesabu ile iliyoanguka kule.

Tatu, muda. Mafuta yalikaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Yakichomwa leo, sehemu ya hewa yake itabaki angani karne nyingi. Mti nao huishi miaka kadhaa, kisha huzeeka, huliwa na wadudu, huungua au hukatwa. Na hewa yote hurudi angani. Mkataba wa miaka 30 au 40 hauwezi kulipa deni la miaka elfu. Ni kama kumrudishia mtu shamba ulilomnyang'anya kwa kumkopesha jembe.

Nne, na ndiyo iliyo nzito kuliko zote: nani abebaye mzigo. Watu wa Usambara ya Mashariki walijifunza somo hili kabla biashara ya hewa ukaa haijavuma. Katika miaka ya 1970 na 1980 msaada wa nchi ya Finland ulitumika kuendeleza ukataji wa mbao katika milima hiyo, mpaka kelele za wataalamu zikausimamisha. Na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 nchi hiyo hiyo ikagharimia mpango wa kuihifadhi misitu ile ile. Kisha likaja jambo la Derema. Karibu hekta 1,000 za msitu zilitakiwa ziwe njia ya kuunganisha misitu miwili. Humo wakulima zaidi ya elfu moja walikuwa na iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Wakatakiwa kuiacha. Malipo ya kwanza yalitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mengine yakachelewa miaka kadhaa, huku mkulima akiwa hana iliki wala fedha.

Hatusemi kwamba haikufaa kuulinda msitu wa Derema. Uzuri wake na maji yake ni zawadi ya Mungu kwa watu wote. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba kila neno "kuhifadhi" lililoandikwa katika karatasi lina mtu nyuma yake: baba aliyetegemea iliki alipe karo, mama aliyeokota kuni, kijana aliyetumaini kurithi nusu eka. Mkulima huyo hana kiwanda wala ndege. Kama yeye ndiye aachaye shamba ili mwingine asiache moshi, hapo mithali yetu imepinduliwa. Twasema mchuma janga hula na wa kwao. Sasa mchuma janga ataka liliwe na wa wenzake.

Mambo ya namna hii yameonekana kwa majirani. Huko Kachung, kaskazini mwa Uganda, shirika la nishati la serikali ya Sweden lilikubali mwaka 2011 kununua hati kutokana na mashamba ya misonobari ya kampuni ya Kinorwe, Green Resources. Wananchi walilalamika kwamba wamepoteza mahali pa kulima na kulisha mifugo. Mwaka 2015 malipo yakasimamishwa, na mwaka 2020 shirika likajitoa kabisa. Kenya nayo, Januari 2025, mahakama ya mazingira na ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliundwa kinyume cha sheria, pasipo wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo, Biliqo Bulesa, ilikuwa katika mradi mkubwa wa kuuza hewa ukaa ya udongo wa malisho.

KANISA LATUFUNDISHA NINI?

Kila mtoto aliyekwisha kuungama kwa mara ya kwanza ajua yanayotakiwa ili Sakramenti ya Kitubio ipokewe vema. Yampasa mtu kujuta, pamoja na kukusudia kutorudia dhambi, yampasa kuungama, na yampasa kutimiza malipizi. Malipizi ni ya lazima. Lakini malipizi hayachukui nafasi ya majuto. Mwizi anayempa padre sadaka kubwa, huku akiendelea kuiba kila usiku, hajatubu. Na mlevi anayemlipa jirani ili afunge kwa niaba yake hajaacha pombe, ameajiri tu.

Hivi ndivyo ilivyo hati ya hewa ukaa inapotumiwa vibaya. Yatanguliza malipizi, yaacha majuto. Yasema, "Nitaendelea, lakini fulani atajizuia." Mkristo mwenye katekisimu yake ajua mara moja kwamba hapo pana kasoro.

Wala tusijidai kana kwamba sisi hatujaijua hatari hii. Historia ya Kanisa letu yenyewe ina fundisho. Rehema ni mafundisho ya kweli, na tangu zamani Kanisa lilifundisha kwamba haziwezi kumfaa mtu asiyetubu. Lakini walitokea wakusanyaji wa sadaka waliozihubiri kana kwamba fedha yatosha. Watu wakadanganyika, na Kanisa likapata jeraha kubwa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ukaifuta kabisa kazi ya wakusanyaji hao, na mwaka 1567 Papa Pius V akabatilisha rehema zilizotolewa kwa sharti la malipo ya fedha. Kanisa halikukataa malipizi wala sadaka, lilikataa soko. Kilichokatazwa kwa neema kisiruhusiwe kwa moshi.

Marehemu Papa Fransisko aliligusa jambo hili waziwazi. Katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, ibara ya 171, alionya kwamba kununua na kuuza hati za hewa ukaa kwaweza kuzaa ulanguzi wa namna mpya bila kupunguza uchafu wenyewe, na kwamba njia hiyo iliyo rahisi yaweza kuwa hila ya kuendeleza matumizi yaliyozidi ya baadhi ya nchi na watu. Hakusema kwamba kila mwenye kupanda mti ni mdanganyifu. Alisema kwamba dunia yahitaji mabadiliko ya kweli, nayo hayanunuliwi.

Maandiko Matakatifu nayo yana mifano miwili. Wa kwanza ni mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la mizabibu la Naboti. Alikuja na bei nzuri; lakini Naboti alijua kwamba urithi wa baba zake si bidhaa tu, naye akauawa kwa ajili yake (1 Waf. 21). Wa pili ni Zakayo. Huyu alipompokea Bwana Yesu hakutafuta mtu mwingine wa kulipa deni lake. Aliwatazama wale wale aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia mara nne kutoka mali yake mwenyewe (Lk. 19). Ndiyo maana wokovu uliingia nyumbani mwake siku ile ile. Ahabu alikuja na fedha; Zakayo alikuja na toba. Mgeni anayefika kijijini tumpime kwa hao wawili.

TUSIWE WADHALIMU WA MANENO

Pamoja na hayo yote haifai kulaani kila mradi. Bonde la Yaeda, ambako Wahadzabe wanaishi, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vimepata fedha kutokana na kuilinda misitu yao. Huko Katavi fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na watu wamepata nguvu ya kuwazuia wavamizi. Ni mema ya kweli, na wanaoyafanya wastahili sifa.

Lakini tutofautishe mambo mawili. Kumlipa mwenye kutunza msitu ni haki, maana kila mtenda kazi astahili ujira wake. Mji wa Tanga hunywa maji ya mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Usambara ya Mashariki; mji ukiwashukuru wakulima wanaozitunza chemchemi, unalipa kwa faida unayoiona katika mtungi. Shukrani hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuchafua. Ubaya haumo katika fedha kufika kijijini. Ubaya umo katika matumizi ya stakabadhi yake kule ilikopelekwa, inapogeuzwa kuwa ruhusa ya kuendelea kutoa moshi. Tajiri alipe, naam. Na apunguze moshi wake pia. Kulipa kusiwe badala ya kupunguza.

MGENI AKIFIKA KIJIJINI

Serikali ya Tanzania iliweka kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ukaa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Basi mgeni asiyejulikana huko na asiyefuata kanuni hizo asikaribishwe hata kwa kikombe cha chai ya mkataba. Na yule anayefuata kanuni aulizwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, wanawake na vijana wakiwapo, maswali haya:

Mkataba ni wa miaka mingapi, na mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa na umri gani siku utakapokwisha? Ni kazi gani zitakazokatazwa msituni: kuni, dawa, asali, iliki, malisho? Katika kila hati itakayouzwa, kijiji kitapata kiasi gani, na nani atakayeonyesha hesabu za mauzo? Mnunuzi wa mwisho ni nani, naye amepunguza moshi wake kwa kiasi gani kabla ya kuja kwetu? Msitu ukiungua, nani mdaiwa? Na je, mkataba umeandikwa kwa Kiswahili, ukasomwa wote, ukaachwa kijijini majuma kadhaa ili watu wautafakari?

Mgeni mwema hataudhika kwa maswali hayo. Akiudhika, amekwisha kujibu.

Wazazi wapenzi, Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Hakumpa ruhusa ya kuiuza kivuli chake. Tuendelee basi kupanda miti na kuilinda misitu, si kwa sababu ina bei huko London au Dubai, bali kwa sababu chemchemi zatoka humo na wajukuu wetu watazihitaji. Nao wenye viwanda tuwaombee toba ya kweli, ile inayoanza nyumbani kwa mwenye kosa. Tukumbuke kwamba mtu aweza kumsaidia jirani kuubeba mzigo wake, lakini hawezi kuacha dhambi kwa niaba yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Malipizi na majuto vyatofautianaje? Taja mfano mmoja kutoka maisha ya kila siku.

2. Kwa nini msitu uliokwisha kulindwa na sheria haufai kuuzwa kana kwamba umeokolewa leo?

3. Katika habari ya Zakayo, nani aliyelipa, na nani aliyelipwa? Linganisha na biashara ya hewa ukaa.

4. Ni jambo gani ambalo jamaa yetu yenyewe yaweza kulipunguza juma hili, kuni, mkaa au taka, bila kungoja mtu mwingine aanze?